Mshale Ushukapo Bondeni

Valvu ya kwanza iliuawa na adabu.

Ndivyo Tusekile alivyosema moyoni, maana kwa sauti asingethubutu. Siku hiyo alikuwa amekaa mbele ya mtambo, mkono wa kulia kwenye kifundo cha kapasita, wa kushoto ameuficha mgongoni kama alivyoagizwa, kwa sababu umeme wa mtambo ule ukiingilia mkono mmoja na kutokea mwingine unapitia moyoni. Upande wa pili wa kiambaza cha mianzi alikaa baba mkwe wake, Mzee Asegelile, hedifoni masikioni. Mzee ndiye aliyejua mambo ya redio, ila macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho na hakuweza tena kusoma mita. Tusekile alikuwa na macho mazima, lakini alikuwa mkamwana, na kwa mila za Wanyakyusa mkamwana hasemi na baba mkwe wala hamtazami. Nyumba nyingi za Isongole zilishaulegeza mwiko huo. Nyumba ya Mzee Asegelile haikuwa mojawapo.

Kwa hiyo maneno yalipitia kwa mkewe mzee, Mama Gwakisa, aliyekaa katikati yao mlangoni akimenya viazi.

"Mwambie azungushe ya kushoto, polepole, mpaka mshale ushuke," alisema mzee.

"Baba anasema uzungushe ya kushoto," alisema mama, akachagua kiazi kingine. "Polepole. Mpaka... Mpaka nini, baba Gwakisa?"

Neno "ushuke" lilipofika, bamba la chuma ndani ya valvu, ile chupa ya kioo inayoipa redio nguvu, lilikuwa limekwisha kuwa jekundu kama kaa la moto. Likaendelea mpaka likawa jeupe, kioo kikatoa mlio mdogo, basi. Mama Gwakisa aliuliza kama ndiyo wameshampata mwanawe Gwakisa, mume wa Tusekile. Ilibaki valvu moja tu, iliyong'olewa kwenye mtambo chakavu wa misheni, na hawakujua pa kupata nyingine.

Mzee aliwaza siku kadhaa. Kisha akatangaza, kupitia kwa mkewe, kwamba mila imekataza kusema, lakini haijasema lolote juu ya kugonga. Tangu hapo alishika fimbo yake akawa anagonga kiambaza: mara moja, zungusha kushoto, mara mbili, kulia, mara tatu, zima umeme. Tusekile naye aligonga kwa kijiko kumjulisha kama mshale umepanda au umeshuka. Wazee wa ukoo wangesikia wangekuwa na la kusema, lakini wazee wa ukoo hawakuwa na mtoto barafuni.

*

Mtambo ulisukwa juu ya sufuria kuukuu ya alumini iliyopinduliwa. Juu yake ilisimama valvu, kando yake koili ya waya mnene uliozungushwa kwenye kipande cha bomba, na mbele vifundo viwili vya kapasita. Umeme ulitoka kwenye kinu kidogo cha maji pale kijitoni, ukapandishwa na transfoma mpaka ukawa wa kuua mtu. Nje, waya wa shaba ulitandazwa kati ya nguzo mbili za mianzi juu ya shamba la viazi.

Kazi ya Tusekile ilikuwa kuutega, yaani kuupatanisha na waya wa nje. Mzee akibonyeza kitufe cha kugongea, umeme humwagika ndani ya valvu. Kapasita ya kushoto isipopatana na koili, nguvu yote hubaki ndani ya kioo ikawa joto, na mshale wa mita hupanda. Zikipatana, nguvu hupata mlango wa kutokea, na mshale huanguka ghafla. Mzee alipaita pale bondeni. Ukishafika bondeni hujamaliza: unafungua kidogo kapasita ya kulia, ile inayoulisha waya wa nje, mshale unapanda tena, unarudi kushoto kulitafuta bonde upya, nalo sasa si refu kama mwanzo. Unakwenda hivyo, kulia na kushoto, mpaka bonde linabaki kishimo tu. Hapo ndipo waya unapokunywa karibu kila kitu na sauti inakwenda kudunda kwenye tabaka za juu za anga na kushukia mbali sana. Lakini ufanye haraka, maana valvu haina subira.

Mbali sana maana yake ni kule kusini kabisa mwa dunia, ambako makampuni yalikata barafu na kuiburuta hadi kwenye miji iliyokaukiwa maji. Walikuja kuajiri Rungwe na Makete wakisema watu wa huku wamezoea baridi, kana kwamba umande wa Isongole na barafu ya kule ni watoto wa baba mmoja. Gwakisa alikwenda. Mkobani alibeba valvu, waya na kitufe alichochonga baba yake, maana alijifunza kugonga nukta na mistari, herufi za redio, kabla hajajifunza kuandika. Siku ya kuagana alimwambia mzee kwamba simu atapiga kila jioni, ila wakitaka kumsikia yeye mwenyewe, Jumapili baada ya ibada wamtafute kwenye waya.

Usemi huo haukumshangaza mtu. Simu zote zilipitia Faraja. Hapo zamani ulikuwapo wakati wa uzushi, ambapo sauti za kughushi zilitangaza vifo visivyokuwapo, watu wakazirai, wakauana, vijiji vikateketea. Serikali za nchi nyingi zikakubaliana kwamba kila chombo chenye chipu kipitishe maneno yake kwenye Faraja, akili ya mashine inayoyachuja na kuyatuliza kabla hayajamfikia msikilizaji. Mwanzoni ilizima matusi na uongo. Baadaye ikajifunza kuzima kwikwi. Mwisho ilikuwa hivi: kifo cha mtu aliye mbali ni kile tu kilichotangazwa na Faraja, na anayelia msiba usiotangazwa anakatiwa laini kwa kosa la uzushi. Valvu ya kioo haina chipu. Ni waya na utupu, na ndani ya utupu Faraja haikupata pa kukaa.

Mama Gwakisa hakuyajali hayo. Kila jioni baada ya chakula simu iliita, mwanawe akacheka kile kicheko chake cha puani, naye akalala usingizi mnono. Tusekile pia alikuwa akilala vizuri, mpaka jioni moja ya masika.

Sauti ilikuwa imemwuliza habari za ndama na viazi, ikamtania kwa jina ambalo watu wawili tu walilijua. Kisha ikasema, "Tuse, hebu mpe baba simu nimsalimie."

Tusekile aliishusha simu, akaitazama. Gwakisa alizaliwa katika nyumba ile. Tangu walipooana alikuwa akisema "mwite mama", na mama ndiye anayempelekea mzee. Asingeweza kumwambia mkewe ampe baba yake kitu mkononi, kama vile asingeweza kumwambia aingie kanisani uchi. Faraja ilikuwa na maneno yote aliyopata kuyatamka Gwakisa kwenye simu maisha yake yote, na kwa hayo iliweza kumwiga. Lakini mwiko ule hakuna aliyewahi kuutamka, watu wa nyumba ile waliufuata tu, na jambo lisilotamkwa haliwezi kunaswa.

"Baba amelala," alijibu. Sauti ikamshukuru, ikamtakia usiku mwema.

Hakumwambia mtu. Ila tangu kesho yake yeye ndiye aliyewahi mbele ya mtambo kuliko wote, na mama mkwe akajisifu kwa wanawake wenzake kanisani kwamba mkamwana wake anampenda mumewe mpaka amekuwa fundi.

*

Jumapili moja, masika yakiwa yamepita, anga ilikuwa safi. Mzee aligonga mara moja, Tusekile akazungusha. Mshale ukaanguka bondeni kwa namna aliyokuwa hajaiona, akafungua ya kulia, akarudi kushoto, kulia, kushoto, mpaka mshale ulipotulia na balbu ndogo iliyofungwa kwenye waya wa nje ikawaka manjano tulivu. Akagonga kwa kijiko kwamba tayari. Mzee akaanza kuita.

Aliita, akasikiliza, akaita tena. Masikio yake nayo yalikuwa yameanza kuzeeka, kwa hiyo alifungua sauti mpaka mwisho, na yaliyotoka kwenye hedifoni yalipenya mianzi na kumfikia Tusekile. Mzee hakujua kwamba hilo lina maana yoyote. Hakujua kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa mwanawe alimfundisha mkewe herufi kwa kumgonga begani kwa kidole wakiwa wamelala, mpaka wakawa wanasengenya wageni mezani bila kufungua midomo.

Jibu likaja jembamba, likizama na kuibuka katika mngurumo wa anga. Lilianza na jina la kituo cha Gwakisa. Mama alisikia mzee akishusha pumzi akapiga makofi. Lakini Tusekile alikuwa ameshika ukingo wa meza. Gwakisa alikuwa na tabia ya kuuvuta mstari wa mwisho wa kila neno, kama mtu anayechelewa kuachia mkono wakati wa kuagana. Huyu aligonga kwa kunyoosha, kwa uangalifu, kama aliyejifunza ukubwani.

Ujumbe ulisema hivi: "Mimi ni Sanga wa Makete. Gwakisa alinifundisha. Nimewatafuta tangu masika. Gwakisa amefariki. Barafu ilipasuka chini ya mashine yake. Tulimtoa, tukamzika wenyewe. Poleni sana, baba. Tuliobaki si wengi, lakini simu zinaendelea kupigwa makwetu kila jioni, hata kwa sauti za waliokufa."

Kisha kitufe cha mzee kikagonga polepole: "Asante, mwanangu. Jumapili ijayo." Halafu fimbo kwenye kiambaza, mara tatu. Tusekile akazima umeme.

Mama Gwakisa alikuwa amesimama tayari, maganda ya viazi yakimdondoka mapajani. "Amesemaje?"

"Hajambo," alisema mzee. "Anawasalimu. Kazi ni nyingi."

Mama akacheka, akasema alijua tu, akatoka kwenda kuwapa majirani habari. Tusekile alibaki pale, mkono wake wa kushoto ungali mgongoni. Alikuwa amelijua jambo lile tangu masika. Alidhani aliyelijua atalipokea kama mgeni aliyetarajiwa. Halikuja hivyo. Lilimwingia lote kwa mara moja, na hakuweza kulia, kwa sababu mtu aliyeambiwa mumewe hajambo halii.

*

Mama alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, Tusekile alichukua kijiko akarudi kwenye kiambaza. Akagonga herufi moja moja: "Nimesikia, baba."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa baba mkwe tangu aolewe. Kisha fimbo ikauliza: "Nani alikufundisha?"

"Mwanao."

Ndipo alipomsikia mzee akilia. Alilia kwa kuziba mdomo na nguo, kilio cha mtu mzima anayeogopa kusikiwa, na Tusekile alikaa upande wake wa mianzi asiweze kwenda kumshika hata bega. Walilia hivyo kila mtu upande wake. Ilipokwisha, fimbo ilianza tena, ikagonga kwa muda mrefu. Mama asijue. Amezika watoto wawili wachanga kabla ya Gwakisa. Alipozikwa wa pili aliacha kula, na tangu hapo moyo wake ni wa kushikiziwa dawa. Sauti ile ya jioni ndiyo inayomwamsha asubuhi. Tukilia watakata laini. "Utamnyang'anya mwana mara mbili," fimbo ikamaliza.

Tusekile alikubali. Ingekuwa raha kusema kwamba alikubali kwa ajili ya mama peke yake. Jioni simu ilipoita aliichukua yeye, akaenda nayo nyuma ya zizi, na sauti ikamwambia, "Umechoka, mke wangu, nasikia." Akalia. Sauti ikambembeleza kama ambavyo Gwakisa angembembeleza, bila kumwuliza sababu. Na akapata nafuu. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba alipata nafuu.

Wiki ile nyumba ilikuwa na msiba usio na matanga. Mzee aliacha kula, akasingizia jino. Mama Gwakisa alimchemshia majani, akamkaripia, akampikia ndizi laini za kusaga, na kila jioni akamshitaki kwa mwanawe kwenye simu. Tusekile alipokwenda kuvuna viazi aliona mzee amekaa peke yake kando ya migomba, mahali pa makaburi ya watoto wale wawili, akipapasa ardhi pembeni yake kama anayekadiria nafasi. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kilio chenyewe walikuwa wamekikalia.

Halafu mama akaja na jambo lake. Jumapili hii, alisema, hedifoni atavaa yeye. Hajui nukta wala mistari, lakini mama hawezi kuukosa mkono wa mwanawe. Alikuwa akiusikia tangu Gwakisa ana meno ya utoto, akigonga meza mpaka uji unamwagika.

Siku ile ile fimbo iliita kwenye kiambaza. Mzee alikuwa amekwisha kufikiri. Jumapili yeye ataanza kwa kumwomba Sanga agonge kwa jina la Gwakisa, amsalimie mama, avute mstari wa mwisho wa kila neno. Sanga amekaa naye, ataweza kuiga. Jumapili ya kwanza, na nyingine zitakazofuata.

Tusekile alikaa na kijiko mkononi. Akagonga: "Baba, hiyo si ndiyo Faraja?"



*

Jumapili mama alivaa kitenge kipya. Alikaa kwenye kiti cha mzee, hedifoni zikamfunika masikio na nusu ya mashavu, mzee akasimama nyuma yake kidole kwenye kitufe. Tusekile alikuwa upande wake. Kupitia mwanya wa mianzi aliona magoti ya mama, na mikono imeshikana juu yake kama ya msichana anayesubiri kuitwa jina.

Fimbo iligonga mara moja: zungusha kushoto. Mzee akabonyeza kitufe. Mshale ukapanda.

Tusekile alilijua bonde lilipo. Vidole vyake vililijua. Angeweza kulifikia akiwa amefumba macho. Aliuangalia mshale ukiwa juu na akaona yatakayofuata. Mama atasikia mkono unaoigwa, ataamini au atajilazimisha kuamini. Jumapili hadi Jumapili atazeeka hivyo. Siku moja mzee atakufa, na kazi ya kumwomba Sanga itamwangukia yeye. Na Gwakisa atalala kule chini ya barafu bila mtu mmoja wa kwao aliyemlilia kwa sauti, wakati hapa nyumbani watu wawili wanaompenda wanamtengenezea kinyago.

Fimbo iligonga tena, kwa haraka. Ndani ya kioo bamba lilianza kuwa jekundu.

"Mbona inawaka?" mama aliuliza, mwanga ukimfikia kupitia mianzi.

Tusekile alinyoosha mkono akazima umeme. Kijito kikasikika kutoka nje. Akasimama, akakizunguka kiambaza, akaingia upande ambao hakuwahi kukanyaga mzee akiwa humo. Hakumtazama mzee. Alichuchumaa mbele ya mama mkwe, akamvua hedifoni, akasema kwa sauti, mzee akisikia.

"Mama. Gwakisa hayupo. Alifariki tangu masika. Jumapili ile tuliambiwa, tukakuficha."

Mama Gwakisa alimtazama usoni muda mrefu. Kisha akageuza kichwa. "Baba Gwakisa. Ni kweli?"

Mzee aliachia kitufe. "Ni kweli."

Tusekile alisubiri aanguke. Alikuwa ameshaweka mikono tayari. Mama hakuanguka. Aliuliza ni nani aliyemzika, wakamwambia Sanga wa Makete pamoja na wenzake. Aliuliza kama walikuwa Wakristo, wakasema hawajui. Akakunja pindo la kitenge, akalikunjua.

"Walimfunika blanketi?"

Tusekile alilijua jibu ambalo Faraja ingelitoa, na lingetoka vizuri. Lilimjia mpaka kwenye meno.

"Sijui, mama."

"Hujui," alisema mama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukasogea. "Haya. Usipojua wewe nani atajua. Hujui."

Alitoka akakaa kizingitini. Hakulia. Mzee alimwendea kwa kupapasa, akakaa kando yake. Alimwambia maneno ambayo Tusekile aliyasikia nusunusu, kwamba alitaka kumwokoa, kwamba aliogopa kubaki peke yake. Mama alimwachia amshike mkono. Jua likaenda likashuka nyuma ya vilima, hakuna aliyekumbuka kuwasha moto wala kukamua ng'ombe, na ng'ombe akaanza kulalamika zizini.

Simu ikaita saa yake ile ile.

Mzee akasema waiache iite. Tusekile akainuka kuizima, akawaza pale pale kwamba ni mara ya mwisho, akasita. Mama akamtangulia. Aliichukua kutoka kwenye stuli, akaiweka sauti ya wazi.

"Mama, hujambo? Mbona leo mmekawia kupokea?"

Kicheko cha puani, sauti ya mwanawe, kila kitu chake.

"Tuna msiba, mwanangu," alisema Mama Gwakisa.

"Pole sana, mama. Nani amefariki?"

"Wewe."

Simu ilinyamaza. Haikuwahi kunyamaza hivyo. Tusekile alijikuta anaomba, bila kujua anaomba nini, kwamba ipatikane sentensi moja ambayo mtu angeweza kuisema. Kisha sauti ikarudi, ile ile, ya upole na yenye upendo.

"Pole sana, mama yangu. Jikaze. Umekula?"

"Sijala," alisema mama.

Hakuikata. Aliirudisha juu ya stuli, akaisogeza mpaka karibu na mlango, kwa uangalifu, kama anavyowekwa mtoto mahali ambapo atawaona watu. Alimwambia Tusekile kwamba hajui huyu ni nani, lakini ana sauti ya mwanawe, basi hiyo sauti isikie inavyoliliwa, maana mwenyewe hakusikia. Akakikaza kitenge kiunoni. Akaketi chini, kwenye udongo wa ua, akanyoosha miguu, akaita jina la Gwakisa kwa sauti ambayo ilikwenda mpaka ng'ambo ya kijito.

Kilio huanza mfiwa. Tusekile alimfuata, na kilichomtoka kilikuwa cha tangu masika. Mzee Asegelile alilia wazi, bila nguo mdomoni. Simu iliuliza mara kadhaa kama wamekula, ikasema watulie, ikasema inawapenda, mpaka laini ikakatwa katikati ya neno na kioo chake kikazimika.

Watu walianza kutokea kwenye mashamba ya viazi, wakiacha majembe njiani. Wanawake waliingia uani wakiwa wameshika vichwa, wakaketi chini bila kuuliza, wakaanza. Mama Lugano, ambaye mwanawe aliondoka kwenda barafuni siku moja na Gwakisa katika gari lile lile, naye alikuja mbiombio. Alifika mpaka kwenye mlango wa ua, akaona ni nyumba gani inayolia, na simu yake mkononi ikaanza kuita, kama kila jioni. Akasimama pale pale, asiingie wala asipokee.